Onyo la Kompyuta Lisilosikika Ofisini

SWALI: Mhariri, ofisi yetu ya kukatia tiketi ipo jirani na stendi ya mabasi hapa Moshi. Programu tunayoitumia hutoa mlio mfupi kiti kimoja kinapotaka kuuzwa mara mbili, lakini honi na kelele za wapiga debe huufunika, na mwenzetu mmoja ni kiziwi. Tufanye nini? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, kosa si la mwenzenu wala la wapiga debe, bali ni la programu inayotegemea sikio peke yake kufikisha onyo zito kiasi hicho. Desturi hiyo ni ya zamani: katika jedwali la herufi za kompyuta la ASCII, lililotolewa mwaka 1963, namba 7 ni amri ya kugonga kengele, kwa kuwa mashine za kupokelea maandishi za wakati ule zilikuwa na kengele halisi.

Anzeni na mipangilio. Katika Windows 11, sehemu ya ufikivu (Accessibility), upande wa sauti, mna chaguo la kuifanya skrini imweke, yaani iwake na kuzima ghafla, kila arifa inapolia: ukanda wa juu wa dirisha, dirisha zima au skrini yote. Chagueni skrini yote, kwani mkata tiketi aliyeinama akihesabu noti hawezi kuuona ukanda mwembamba. Baadhi ya programu hupiga sauti zake zenyewe bila kupitia Windows, kwa hiyo jaribuni kukata kiti kimoja mara mbili wakati hakuna abiria, mwone kama skrini itamweka.

Hata ikimweka, haitasema kilichotokea. Mwombeni fundi wa programu aweke maneno katikati ya skrini, “Kiti namba 14 kimeshauzwa”, yabaki hapo mpaka mtu ayafunge mwenyewe. Asitegemee rangi nyekundu pekee, maana wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kuitofautisha na kijani. Wala asiweke kitu kinachowaka na kuzima zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kiwango cha WCAG, miongozo ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kwa sababu mmweko wa kasi unaweza kusababisha kifafa kwa baadhi ya watu. Desemba 1997, nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni ya televisheni yenye mimweko ya namna hiyo.

Mlio wenyewe msiuondoe, kwani anayezungumza na abiria dirishani haangalii skrini. Ondoeni milio ya mambo madogo, kama risiti iliyochapwa salama, ambayo huwazoesha wafanyakazi kutoijali kompyuta inapolia.