Anzeni na Mshahara: Kwa Wanaoanza Kumsoma Askari wa Uingereza ya Zama za Kati

Ninyi mnaoanza kuwasoma askari wa Uingereza waliopigana Ufaransa kati ya mwaka 1337 na 1453, nawasihi msianze na mapigano yenyewe. Mimi nilianza na vita vya Agincourt, huko kaskazini mwa Ufaransa, na kwa muda mrefu askari niliyemjua alikuwa mtu wa siku moja tu, tarehe 25 Oktoba 1415. Maisha yake niliyaona nilipogeukia hesabu za malipo.

Someni polepole mkataba wa mfalme na kapteni, yaani kiongozi aliyemletea kikosi. Uliandikwa mara mbili juu ya ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa meno meno, kila upande ukabaki na nusu yake, ili ukitokea ugomvi kingo zilinganishwe na aliyeghushi ajulikane. Humo mna idadi ya watu, muda wa utumishi na ujira: mwaka 1415 mpiga upinde alilipwa peni 6 kwa siku, na askari wa deraya, yaani aliyevaa mavazi ya chuma, peni 12. Mna pia mgawo wa nyara na vikomboleo vya mateka, ambao kwa kawaida ulimpa kapteni theluthi ya alichopata askari wake. Mwaka huo mfalme Henry V alitanguliza malipo ya robo ya kwanza ya mwaka, na kwa robo ya pili akawawekea makapteni rehani ya vito vyake. Kwangu hilo lina uzito kuliko sifa zote za ushujaa, kwa sababu linaonyesha kwamba hata mfalme aliwajibika kwa watu wanaoishi kwa kazi hiyo.

Majina ya askari wa kawaida yamo katika orodha za ukaguzi, yaani zile za kuhakiki askari waliopo katika kila kikosi, na hapo ndipo penye mtego. Niliwahi kuunganisha majina mawili yaliyofanana nikaamini nimepata maisha ya mtu mmoja, mpaka nilipoyakuta yote mawili katika miezi ile ile, chini ya makapteni tofauti. Tangu hapo hulinganisha kwanza kapteni, daraja na mahali, nikikumbuka kwamba wapiga upinde wengine walipanda wakawa askari wa deraya. Aliyekaguliwa kabla ya safari ya 1415 msimhesabu upesi kuwa alifika Agincourt: wengi waliugua kuhara damu wakati wa kuzingirwa kwa Harfleur, mji wa bandari wa Ufaransa, na orodha za wagonjwa waliorudishwa nyumbani zipo hadi leo. Zisomeni hizo kwanza.