Maswali yenu: visu vinavyosukumwa na baruti

Habari zenu wote. Mada iliyopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba helikopta za uokoaji zina kisu cha baruti cha kukatia waya wa kuinulia watu, basi maswali yakamiminika. Nimechagua machache, na yale yanayofanana nimeyaunganisha. Mi hivi vidude navipenda kweli kwa hiyo mnivumilie nikinogewa.

Geita: Mi niko mgodini, baruti naijua, inapasua mwamba vipande vipande. Sasa inakataje waya mmoja ikaacha vingine salama?

Swali zuri sana mkuu, maana hapo ndo msingi wa yote. Baruti yenu ya mgodini mnataka ipasue na kusambaa, hii imefungiwa ndani isitoke. Fikiria kibomba cha chuma kinene, urefu kama kidole gumba. Upande mmoja kuna baruti kidogo sana. Mbele yake kuna pistoni, na kwenye ncha ya pistoni kuna kisu cha chuma kigumu. Mbele ya kisu kuna tundu limetoboka upande mpaka upande, humo ndo waya unapita, na nyuma ya waya kuna fuawe, ile ile kama ya mhunzi, ila ndogo. Umeme kidogo ukipita kwenye kijiwaya chembamba kama unywele kilichozama ndani ya baruti kinapata moto, baruti inawaka, gesi inasukuma pistoni, kisu kinapita kwenye waya kinagota kwenye fuawe, imeisha. Hata kope hujapepesa. Na nyingi zimezibwa kabisa gesi haitoki nje, aliye karibu anasikia mlio mmoja tu kama mtu kagonga nyundo. Ni kama risasi iliyozibiwa mdomo wa bunduki.

Kwa nini wasiweke mota? Mota inataka betri, giya, grisi, na ikikaa miaka bila kuzunguka huna uhakika nayo tena. Baruti inakaa kimya haidai chochote, siku ikiitwa inatoa nguvu zake zote kwa mpigo. Sharti lake ni moja tu, inakata mara moja, baada ya hapo unatoa unaweka mpya.

Mombasa: Hiyo ya helikopta imenitisha. Yaani mtu ananing'inia halafu rubani anakata?

Hapana dada, isichukuliwe hivyo. Tatizo lenyewe ni waya kunasa. Helikopta imeshusha ndoano kwenye meli au msituni, waya ukazunguka mlingoti au tawi, hapo helikopta imefungwa chini kama mbuzi kwenye kigingi, na meli inapanda na kushuka na mawimbi. Ikivutwa vibaya inaanguka na wote waliomo, na ikiangukia sitahani inaua na waliokuwa wanaokolewa. Rubani na yule anayeendesha winchi, ile mashine ya kushusha na kuvuta waya, wote wana swichi ya kukatia, na ina kifuniko ili isiguswe kwa bahati mbaya. Ni uamuzi mgumu kuliko yote humo ndani, sitaki kuupamba, ila bila hicho kisu mngepotea wote.

Ukunda: Huku Diani naona watu wanaruka na parachuti. Nimesikia kuna mashine inafungua yenyewe ukizimia hewani, kweli?

Kweli kabisa, na kwangu hii ndo nzuri kuliko zote. Maarufu zaidi inaitwa CYPRES, aliibuni Mjerumani Helmut Cloth na ikaingia sokoni 1991. Kabla yake zilikuwepo mashine za kuvuta pini kwa nguvu ya springi, ila zilikuwa kubwa, na wengi wenye uzoefu walikuwa hawaziamini, wanaogopa zitafungua wakati sio.

Cloth alipita njia nyingine. Mrukaji ana parachuti mbili, kubwa na ya akiba. Ya akiba imekunjwa mgongoni chini ya springi iliyobanwa, na kinachozuia springi isiruke ni kitanzi kimoja cha kamba nyembamba. Kitanzi kimoja tu! Kwa kawaida mtu akivuta mpini wa akiba pini inachomoka kitanzini na parachuti inatoka. CYPRES haigusi pini wala mpini. Imewekwa kisu kidogo cha baruti, kitanzi kinapita katikati ya tundu lake, na kompyuta ndogo inapima mgandamizo wa hewa muda wote. Kwa ile ya wazoefu, ikiona uko chini ya mita kama 225 na bado unaporomoka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, inajua hapa hakuna parachuti iliyofunguka, inakata kitanzi, springi inaruka na parachuti ya akiba inafuata.

Sasa piga hesabu. Mtu anayeanguka tumbo chini anakwenda karibu mita 55 kwa sekunde. Kutoka mita 225 mpaka ardhini amebakiza sekunde nne. Nne! Ndani ya hizo kamba ikatwe, kitambaa kitoke, kijae hewa, mtu apunguze mwendo. Hapo ndo utaelewa kwa nini huwezi kusubiri kimota kizunguke. Kuna watu wamezimia kwa kugongana na mwenzao hewani wakazindukia chini wakiwa hai, kwa sababu ya kisu ambacho hata kukiona hukioni mpaka ufungue mfuko.

Dodoma: Na kwenye roketi je?

Huko vimejaa. Mwaka 1969 Armstrong na Aldrin walipokuwa wanaondoka mwezini, nusu ya juu ya chombo chao ilitakiwa iachane na nusu ya chini kwa mpigo mmoja, bolti zikapasuliwa kwa baruti na kisu cha baruti kikakata furushi la nyaya lililounganisha pande mbili. Waya mmoja ukigoma kukatika hamuondoki.

Halafu kuna Curiosity, ile gari iliyotua Mars Agosti 2012. Kilo karibu 900, ilishushwa kwa kamba tatu za nailoni kutoka chombo kilichokuwa kinaelea juu yake kwa roketi. Magurudumu yalipogusa mchanga visu vya baruti vikakata kamba, pamoja na waya wa mawasiliano, na chombo cha juu kikaruka kikaenda kuanguka mbali. Wakati ule habari kutoka Mars ilichukua dakika 14 kufika duniani, kwa hiyo hakuna binadamu aliyebonyeza kitu, mashine ilijiamulia.

Kisumu: Hii ni teknolojia ya juzi ama?

Siyo ya juzi. Vita vya Pili vya Dunia meli za kusafisha mabomu ya baharini zilikuwa zinaburuta kamba ndefu za chuma zenye visu vya baruti. Bomu lilikuwa limefungwa na waya kwenye nanga chini ya maji, waya ukiingia kwenye kisu unakatwa, bomu linaibuka juu, wanalipiga risasi kwa mbali.

Arusha: Chenso (msumeno wa mnyororo) nayo si inatumia mlipuko?

Ndiyo, kwa namna yake. Kwenye silinda ya chenso plagi inawasha petroli na hewa, gesi inasukuma pistoni, sawa na kile kisu. Tofauti ni kwamba pistoni ya chenso inarudi na kwenda tena maelfu ya mara kwa dakika, nguvu inazungusha mnyororo. Wajerumani walishaziuza za petroli miaka ya 1920, zilikuwa nzito mpaka zinabebwa na watu wawili.

Dar: Kwenye gari za kawaida vipo?

Vipo, na nina kisa. Rafiki yangu fundi aliletewa BMW iliyogonga nguzo ya geti, eabegi zimetoka, bodi wameshanyoosha, lakini gari haiwaki. Taa za ndani zinawaka, redio inaimba, stata kimya. Mwenye gari alikuwa ameshanunua betri mpya na stata mpya. Tulifungua buti betri ilipo tukaangalia kichwa cha waya wa chanya, na waya mnene ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake, pembeni kuna weusi kidogo wa moshi. Basi! Kwenye BMW nyingi zenye betri nyuma, eabegi zikitoka kuna baruti ndogo inauchomoa waya unaokwenda stata ili usilete shoti na moto, ila taa na hazadi zinabaki na umeme. Hiki hakikati kwa kisu, kinafyatua waya, lakini kazi ni ile ile. Kwenye magari mengi ya umeme kipo cha kukata kabisa, kipande cha shaba kinachobeba umeme wa betri kubwa kinapigwa na pistoni kinakatika.

Mbeya: Mi ni fundi wa kuchomelea, naweza kujitengenezea kimoja?

Usifanye hivyo ndugu yangu, nakuomba. Kibomba kikiwa na ufa usioonekana, au baruti ikizidi kidogo, kile chuma kinageuka vipande mkononi mwako. Kuwa na baruti bila kibali ni kosa la jinai pia. Na hata usipotengeneza, ukiwa unachomelea gari lililopata ajali, kumbuka baruti ambazo hazijalipuka bado zipo, kwenye usukani, kwenye mikanda, kwenye kichwa cha betri. Toa waya wa hasi, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha hiyo gari, ndo uwashe mashine yako.