Usifunge mazalia kabla hujakaa na wakaanga samaki

Katika barua yako unauliza kuhusu usajili wa kikundi cha wavuvi, aina ya nyavu na namna ya kufunga mazalia, yaani kuzuia uvuvi pale samaki wanapozaliana, katika bwawa la Nyumba ya Mungu mkoani Kilimanjaro, kisha unatuambia kwamba Jumamosi mna kikao cha "wadau wote", yaani wenye mitumbwi 12. Ahirisha kikao hicho. Nilipokuwa katibu wa kikundi kama chenu nilifanya kosa hilo hilo, likanila akiba ya miaka mitatu.

Tulikubaliana na wenye mitumbwi kwamba sehemu yenye matete, ambako perege huzaliana, isivuliwe kwa miezi minne. Muhtasari ukasainiwa, tukala pilau. Wiki ya tatu mlinzi akakuta nyavu mle usiku, na waliozitega walikuwa vibarua wa wale wale waliosaini. Badala ya kuuliza sababu, nilinunua maboya, nikakodi mtumbwi wa doria na kuongeza walinzi kwa fedha zangu, hadi usiku mmoja mali yetu yote ikachomwa moto mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki.

Baadaye mama mmoja mkaanga samaki alinifungulia daftari lake lililojaa madoa ya mafuta. Kila ukurasa ulikuwa na jina la kibarua, fedha aliyokopeshwa ya unga au ada ya mtoto, na idadi ya samaki anaodaiwa kila asubuhi. Mwenye mtumbwi angeweza kungoja miezi minne. Kibarua mwenye deni asingeweza, wala mama huyo, ambaye naye alikuwa anadaiwa na kikoba. Kikaoni hatukumwita hata mmoja wao.

Mtaalamu tuliyemlipa kutoka Arusha, ambaye viatu vyake havikuwahi kuona tope la mwalo, ndiye aliyetufundisha kwamba mdau ni mwenye leseni. Nilimsadiki kwa kuwa alikuja na projekta, nami mtu akiniangazia picha ukutani huwa namlipia hata nauli ya kurudi.

Serikali ilipofunga uvuvi bwawani mwaka 2016, wenye daftari kama lile waliishije? Muulize muuza samaki yeyote wa Moshi kabla hujaandika ajenda.

Kuhusu nyavu, kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, limekatazwa. Mengine atakueleza afisa uvuvi wa wilaya. Jumamosi hiyo fika mwaloni alfajiri, ukalie ndoo iliyopinduliwa karibu na makarai, uwaombe akina mama wakuonyeshe madaftari yao.