Shangazi, mtoto kalia sababu ya muvi, nimkataze?

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro. Jumamosi binti yangu wa miaka 8 alikaa na binamu zake wakaangalia Bridge to Terabithia, mimi niliona trela tu, majitu na msitu wa maajabu, nikajua ni muvi ya watoto basi nikaenda zangu jikoni. Narudi nakuta mtoto analia kwikwi, kumbe yule msichana anakufa! Tangu siku hiyo kila saa anauliza kama rafiki yake wa nyumba ya jirani naye atakufa, halafu wenyewe wawili wanashinda nyuma ya nyumba chini ya mwembe, eti ndo ufalme wao. Baba yake anasema tupige marufuku hizi muvi zote na huo mchezo uishe. Nifanyeje? Mama Wawili*

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza usijilaumu kwa hiyo trela, muvi ilipotoka 2007 wazazi wengi tu waliingia hivyohivyo, maana trela imejaa viumbe utadhani muvi nzima ni vita vya msituni wakati hao viumbe ukiwajumlisha ni sehemu ndogo. Muvi yenyewe ni ya watoto wawili wa darasa la tano huko kijijini Marekani. Jess anatoka nyumba ya dada wengi na hela hakuna, Leslie ni mgeni aliyehamia jirani na kwao hata TV hawana, na shuleni wote wawili wanaonewa. Wanavuka kijito kwa kamba ya kubembea, wanaingia msituni, na kila kinachowaumiza mchana wanakipa mwili kule halafu wanapambana nacho. Yule Janice anayewanyanyasa wadogo shuleni anakuwa jitu. Baadaye Leslie anamkuta Janice chooni analia, anajua kwamba nyumbani anapigwa na baba yake, na ukiangalia vizuri kule msituni lile jitu nalo linageuka kuwa upande wao. Mi naona hapo ndo akili ya muvi yote ilipo, watoto hawakimbii maisha yao wanapoingia msituni, wanayabeba wanaenda nayo.

Sasa kifo. Angalia jinsi kilivyowekwa, maana hili ndo litakusaidia kuongea na binti. Leslie hatumuoni akifa kabisa. Siku hiyo mwalimu wa muziki anampeleka Jess makumbusho, Jess anapita mbele ya nyumba ya Leslie, anaitazama, hasemi neno, anataka iwe siku yake peke yake. Anarudi ana furaha tele, anaingia ndani anakuta familia nzima imesimama na mama yake anamkumbatia kwa nguvu, maana walidhani amekufa naye. Ndo anaambiwa, kamba imekatika, Leslie amezama. Hakuna damu, hakuna maiti, kuna sura ya mtoto tu ambaye hataki kuamini, na baada ya hapo kitu kinachomtafuna zaidi ya kifo chenyewe ni kwamba hakumwalika, angemwalika asingekufa. Watoto wanajilaumu hivyo hata kwenye misiba yetu na sisi wakubwa tuko bize na maturubai na wageni, hatuwaulizi.

Na hii haikutungwa ili kuwaliza watu. Kitabu cha mwaka 1977 kilichozaa muvi kiliandikwa na Katherine Paterson baada ya rafiki wa mwanawe David kupigwa na radi akafa, mwaka 1974, mtoto wa miaka 8 kama wako. David akafikia kuamini Mungu anamchukia na kwamba atakayefuata ni dada yake. Mama akaandika. Huyohuyo David alipokua mtu mzima ndiye aliyeshiriki kuandika skripti ya muvi, kwa hiyo ile sehemu ya Jess kuogopa kwamba rafiki yake ataenda motoni na baba yake kumshika na kumtuliza, imeshikwa na mtu aliyewahi kukaa na maswali kama hayo.

Kwa hiyo binti akikuuliza kama rafiki yake atakufa usimwambie "nyamaza hiyo ni muvi tu". Kaa naye chini umwambie kweli, kwamba kila mtu atakufa siku moja lakini wengi wanaishi mpaka wanazeeka, na kwamba wewe na mama wa rafiki yake mnawaangalia. Ukitaja msiba wowote wa ukoo sema amefariki. Usiseme amesafiri, atamsubiri, usiseme amelala, ataogopa kulala, na ile yetu ya "Mungu kampenda zaidi" mi naiogopa kabisa kwa mtoto mdogo kwa sababu atajiuliza Mungu akinipenda mimi je. Mpe dini yako yote, ila usimpe Mungu anayenyang'anya. Na muulize pia lile ambalo yeye haulizi, "unadhani Jess ana makosa?", halafu nyamaza umsikilize.

Kuhusu mwembe, muache jamani! Umesahau tulivyokuwa tunajipikilisha, mchanga ndo ugali, majani ya mpapai ndo mboga, mmoja baba mmoja mama na ole wako umkanyagie mtu sebule yake ya kuchora chini kwa kijiti? Mtoto wako amepata huzuni akaigeuza kuwa mchezo pamoja na rafiki aliye hai, ambacho ndo kile Jess anachofanya mwisho, anajenga daraja ili mtu asivuke tena kwa kamba, anamchukua mdogo wake May Belle ambaye muvi nzima alikuwa anamfukuza, anampeleka kule. Mwambie baba yake hata Marekani wapo waliotaka kitabu hicho kiondolewe maktaba za shule, tena sababu mojawapo ilikuwa kifo hichohicho, na bado kilipewa medali ya Newbery, tuzo kubwa ya Marekani ya vitabu vya watoto, 1978 na watoto wanakisoma mpaka leo. Yeye ningemuomba kitu kimoja, aiangalie muvi na binti yake mwanzo mwisho, bila simu. Na akague hiyo miti ya nyuma kama kuna kamba imening'inia.

*Shangazi habari. Kijana wangu ana miaka minne, ana rafiki ambaye sisi hatumuoni, anataka awekewe sahani mezani. Mama yangu anasema ni jini tumpeleke akasomewe. Mke wangu anacheka tu. Mimi nimekwama katikati. Baba wa Kisauni, Mombasa*

Salama baba. Watoto wengi sana wanapitia hapo. Mwanasaikolojia Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon amewachunguza kwa miaka mingi, yeye na wenzake waliwahi kukuta kama theluthi mbili ya watoto waliowafuatilia mpaka umri wa miaka saba walishakuwa na rafiki wa namna hiyo, na wengi ukiwauliza wanajua kabisa kwamba ni wa kubuni. Steven Spielberg, yule mwongozaji wa muvi, mwenyewe amesema wazo la muvi yake E.T. ya 1982, ya mtoto na rafiki yake kiumbe wa sayari nyingine, lilitokana na rafiki wa kubuni aliyejitengenezea utotoni wazazi wake walipoachana.

Mama yako usibishane naye, ni mzazi na anaogopa kwa mapenzi, akitaka kumsomea mjukuu dua amsomee, dua haina ubaya. Ila mtoto asitishwe, asiambiwe ana jini ndani yake. Ningehangaika kama huyo rafiki anamuamuru aumize watu au mtoto ameacha kabisa kucheza na wenzake au halali usiku, hapo mpeleke hospitali.

Na tafuteni My Neighbor Totoro ya mwongozaji Hayao Miyazaki, katuni ya Kijapani ya 1988, haifiki saa moja na nusu. Mama yuko hospitali, mtoto mdogo Mei anakutana na dude kubwa la manyoya msituni, kisha anawaita wenzake waje kuona na njia haionekani tena. Baba yake hamuiti muongo. Anamwambia huenda amekutana na mwenye msitu, anawachukua mabinti wake wote wawili mpaka kwenye mti mkubwa, wanainamisha vichwa, anashukuru kwa kumwangalia Mei, halafu wanarudi nyumbani kula. Fanya hivyohivyo na hiyo sahani, muwekee, chakula cha mgeni mtoto apakue kidogo na akimalize yeye mwenyewe.