Kufungwa ugenini na suala la rufaa: yaliyotukuta Lushoto

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba timu yenu imefungwa 2-1 ugenini kwa penalti ya dakika za nyongeza, kwamba watoto wa pembeni walikuwa wakificha mipira kila mlipopata kona, na kwamba wachezaji wenu sasa wanataka mambo mawili: mkate rufaa, na safari ijayo mkionewa tena mtoke uwanjani. Nitakujibu kwa kueleza mchezo mmoja tu ambao nilikuwa nahodha, kwa sababu siku ile hayo yote mawili yalitujia kichwani, na moja tulilitekeleza kwa gharama kubwa.

Timu yetu ni ya Muheza, na wakati huo ilikuwa ikishiriki ligi ya mkoa wa Tanga. Walikuwamo vijana wa bodaboda, wachuma machungwa, walimu wawili, na fundi seremala ambaye ndiye alikuwa kipa wetu. Katika ngazi hiyo hakuna mshahara wala basi la timu, na mkoa wenyewe ni mpana, kwani unaanzia mwambao wa bahari na kupanda hadi milima ya Usambara. Ratiba ilitupeleka wilaya ya Lushoto mwezi wa Julai, kwenye kijiji kimoja cha milimani ambacho sitakitaja. Kila mchezaji alichanga shilingi 10,000, mfadhili wetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi akajazia, tukakodi Kosta.

Makosa yetu yalianza Mombo, saa saba mchana. Tulisimama pale ili vijana wale, nao wakaagiza chipsi mayai na soda, chakula ambacho mimi kama nahodha nilikiona kikiliwa na nikanyamaza, kwa kuwa hata mimi nilikuwa na sahani yangu. Kutoka Mombo kwenda Lushoto mjini ni kama kilomita 33, lakini ni kilomita za kona juu ya kona, mto upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine. Kabla hatujafika Soni winga wetu wa kulia alikuwa amekwisha kutapika mara mbili dirishani, na mbele kidogo gari lilichemsha, tukakaa kando ya barabara zaidi ya nusu saa tukisubiri rejeta ipoe. Mchezo ulipangwa kuanza saa 10:00 jioni. Tulifika saa 10:10, tukavalia jezi ndani ya gari, na kamisaa, yaani msimamizi wa mchezo, alikuwa ameshika saa mkononi akitutazama kwa namna ambayo sikuhitaji kuelezwa.

Kufika umechelewa ugenini si fedheha tu, bali kunakunyang'anya haki zako zote ndogondogo. Kwa kawaida nahodha na kocha hupata nafasi ya kuukagua uwanja, kuitazama mipira itakayotumika, na kuilinganisha orodha ya wachezaji wa wenyeji na vitambulisho vyao mbele ya kamisaa. Sisi hatukufanya hata moja. Niliandika majina yetu kwa haraka juu ya goti, nikasaini, nikaambiwa twendeni. Wenyeji walikuwa na mipira miwili: mmoja mgumu kama nazi na mwingine uliopungua upepo, na kila wa kwanza ulipopigwa nje ukapotea kwenye shamba la kabichi, ulirudishwa ule wa pili. Sheria zinataja kiasi cha upepo unaotakiwa kuwamo ndani ya mpira, na mwamuzi angelazimika kulisikiliza lalamiko langu kama ningelitoa kabla ya kipenga cha kwanza. Nililitoa dakika ya 30, nikijibiwa kwamba kama nina mpira bora niulete. Wetu tulikuwa tumeuacha Muheza, ndani ya nyumba ya mtunza vifaa.

Hilo hata hivyo ni dogo. Jambo ambalo hadi leo linaniudhi ni uamuzi wangu mwenyewe wakati wa kurusha shilingi. Uwanja ule una mteremko wa waziwazi: ukisimama goli la chini, mtu aliyesimama goli la juu unamwona kama yuko barazani. Shilingi iliporushwa nilishinda, na nikachagua kushambulia kuelekea chini katika kipindi cha kwanza, nikiwaza kwamba tutafunga mapema wakati miguu bado ina nguvu, kisha tujilinde. Nahodha wa wenyeji aliitika kwa upole uliopitiliza, na upole ule ulipaswa kunishtua. Sisi tulikuwa tumetoka joto la Muheza siku hiyohiyo hadi mahali pa mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, hatukupasha misuli, na tumbo lilikuwa na viazi. Dakika 20 za kwanza hatukuwa timu kabisa. Kila pasi ndefu tuliyopiga kuelekea chini iliteremka yenyewe na kutoka nje kabla mshambuliaji hajaifikia, kwa kuwa nyumbani tumezoea mchanga unaoushika mpira, na pale palikuwa na majani mafupi yenye unyevu. Mteremko tuliouchagua ulimalizwa na mashuti yaliyopaa na mipira iliyotukimbia, na tulikwenda mapumziko 0-0 tukidhani kwamba tumecheza vizuri.

Kipindi cha pili ukungu ulishuka. Wenyeji waliujua utakuja, na ndiyo sababu walifurahi kuachiwa washambulie goli la juu mwanzoni: sasa sisi tulikuwa tunapanda, tumechoka, na kila mpira wao wa juu ulitokea ndani ya weupe ule na kumwangukia beki wetu wa kati usoni. Dakika ya 58 walipiga shuti la mbali ambalo siku nyingine fundi wetu seremala angelidaka kwa mkono mmoja. Mpira ulidunda kwenye majani mbele yake, ukateleza, ukampita chini ya kifua. 1-0. Kwa haki kabisa lilikuwa bao halali, na wao ndio waliokuwa wakicheza.

Kilichofuata ndicho kinachofanana na kisa chenu. Dakika ya 83 tulipata mpira wa kurusha karibu na kibendera cha kona. Beki wetu wa kushoto ana mikono mirefu, akaurusha moja kwa moja hadi ndani ya boksi, mshambuliaji wetu akiwa peke yake mbele ya kipa akautia wavuni. Mshika kibendera akainua kibendera, na mwamuzi akapuliza kuwa ameotea. Wengi mnajua, na wasiojua nawaambia, kwamba mpira uliopokewa moja kwa moja kutoka kwenye kurusha hauna kuotea. Sheria hiyo ipo tangu mwaka 1920, na haina utata wowote. Nilimfuata mwamuzi kwa heshima nikamkumbusha, akanitazama kama mtu aliyeanza kukumbuka jambo, kisha akageuka na kuonyesha mahali pa kupigia mpira. Wakati huohuo mshambuliaji wetu alikuwa amemfuata mshika kibendera na kumtukania mama yake, akatolewa kwa kadi nyekundu. Benchi letu likaanza kupiga kelele kwamba tutoke.

Nakiri kwamba kwa dakika nzima nilikuwa upande wao. Aliyetuzuia ni mwalimu mmoja kati ya wale wawili, ambaye alikuwa ameisoma kanuni ya ligi aliyopewa katibu, na akanong'ona kwamba timu inayotoka uwanjani hupoteza mchezo papo hapo na huongezewa adhabu, wakati sisi bado tuna dakika saba na mpira mmoja tu wa kusawazisha. Tukarudi. Hatukusawazisha, kwa kuwa tulikuwa kumi na ukungu ulikuwa umefunga hata sikuweza kumwona kipa wetu, lakini angalau tulifungwa 1-0 na si kwa mabao ya mezani, yale ambayo mpinzani hupewa na kamati. Kwa hiyo kuhusu swali lako la pili jibu langu ni fupi: msitoke. Haki yoyote mliyo nayo huishia kwenye mstari wa chokaa mnapouvuka.

Sasa rufaa. Tulikata, na tulikuwa na uhakika wa kushinda, kwa sababu tulidhani kosa la mwamuzi lilikuwa la kutojua sheria na si la kuona vibaya. Tofauti hiyo ni muhimu, nami nakuomba uielewe kabla hamjatoa hela yenu. Sheria za mchezo zinasema kwamba uamuzi wa mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo, likiwamo la kama bao limefungwa au halikufungwa, ni wa mwisho. Hakuna kamati itakayokaa mezani na kusema ile haikuwa penalti. Hoja yetu ilikuwa kwamba hapakuwa na tukio la kubishania, kwani mpira umerushwa, mtu ameupokea, na sheria iko wazi. Ripoti ya mwamuzi ilipofika, ilisema kwamba mpira uliguswa kwanza kwa kichwa na mchezaji mwingine wa kwetu kabla ya kumfikia mfungaji. Kwa sentensi hiyo moja suala la sheria likageuka suala la tukio, na tukio ni la mwamuzi. Kama kweli uliguswa, basi aliotea na mwamuzi alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa hatua tano na sikuona mguso wowote, ila ukungu ulikuwapo na siapi. Mchezaji wetu wa akiba alikuwa akirekodi kwa simu, na tulikaa kuitazama ile video watu kumi na tano tukigombania kioo: mpira unaondoka mikononi mwa beki, kisha picha inaruka kwenda angani, kisha zinaonekana ndala za mtu anayeshangilia.

Kulikuwa na kasoro nyingine mbaya zaidi. Baada ya mchezo nililetewa fomu nisaini, na nikasaini bila kuandika chochote kwenye nafasi ya maoni, kwa kuwa nilikuwa natetemeka kwa baridi na nilitaka kuondoka. Kamati iliuliza swali moja tu: kama mlikuwa na lalamiko, mbona nahodha hakuliandika? Rufaa ikatupwa, ada haikurudishwa, na mshambuliaji wetu akafungiwa. Bila yeye tulitoka sare mchezo uliofuata na tukafungwa ule wa baadaye.

Nisije nikaonekana ninawalaani watu wa kule. Usiku ule dereva alikataa kuteremka zile kona ndani ya ukungu, na alikuwa sahihi. Wenyeji walewale waliokuwa wakituzomea walitufungulia darasa la shule, wakatuletea ugali na maharage, na majiko mawili ya makaa ya moto. Kocha wao, mzee wa makamo, alikaa nasi akicheka, akatuambia kwamba kwa miaka yote hajaona mgeni aliyeshinda shilingi akachagua kuanza kwa kushambulia goli la juu.

Turudi kwenu. Penalti iacheni, hata kama nyote mliona mchezaji wao akijiangusha. Mipira iliyofichwa nayo ina uzito ikiwa tu ililalamikiwa kwa kamisaa wakati mchezo unaendelea, naye akaiandika. Kitu pekee kinachoweza kubadilisha matokeo mezani ni karatasi: mchezaji aliyecheza bila usajili, aliyetumia jina la mwingine, aliyekuwa na adhabu ya kadi. Umegusia kwamba beki wao namba 4 mlimwona mwezi uliopita akichezea timu ya wilaya nyingine. Hilo umelipitia kwa mstari mmoja katikati ya malalamiko ya penalti, na kwangu ndilo la kufuatwa. Mwombeni katibu wenu apate nakala ya fomu ya siku ile, alinganishe jina na usajili wa huko alikotoka, na asome katika kanuni za ligi yenu muda wa kuwasilisha rufaa ni saa ngapi baada ya mchezo, kwa maana mmekwisha kupoteza siku nzima mkibishana kuhusu penalti.