Sauti ya marehemu ni ya nani?

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama ni halali bendi kutoa albamu baada ya mwimbaji wake kufariki, na mfano mliotupa ni In the End ya The Cranberries, bendi ya roki ya Ireland. Suala la haki nawaachia mawakili. Linaloniuma mimi ni jinsi sisi mashabiki tunavyoisikiliza albamu hiyo, kama watu wanaosoma wosia.

Dolores O'Riordan, mwimbaji wao, alifariki London tarehe 15 Januari 2018, akiwa na miaka 46, ndani ya hoteli. Albamu ilipotoka Aprili 2019, wimbo wake wa kwanza ukawa unataja hoteli ya London. Basi maneno yakaanza: alijua, alijitabiria, msikilizeni anavyotuaga. Hakuaga mtu. Wimbo ule unamhusu mwanamke anayepigana na mwenzake kisha anaficha ukweli kwa kusingizia kuanguka, na Dolores aliuimba akiwa mzima, ana mipango yake. Uchunguzi wa kifo ulisema wazi kuwa ilikuwa ajali. Ukiugeuza wimbo huo kuwa utabiri, mwanamke aliyeimbiwa unamfuta kabisa. Ni kama wale wanaoruka na wimbo wao Zombie kwenye matatu bila kujua kwamba unawalilia watoto wawili waliouawa na bomu la IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, mjini Warrington, Uingereza, mwaka 1993.

Wengine wanasema ilikuwa biashara ya msiba. Hawa ndio walionikasirisha hadi nikashika kalamu. Noel Hogan, mpiga gitaa, alianza kuzitunga nyimbo hizo pamoja na Dolores mwaka 2017, na kufikia mwisho wa mwaka walikuwa na demo, yaani rekodi za majaribio, za nyimbo kumi na moja. Dolores alipofariki, wenzake waliiomba familia ruhusa kwanza, ndipo wakaingia studio na Stephen Street, prodyuza yuleyule wa albamu yao ya kwanza ya 1993. Pale sauti ilipopungua, akaitwa Johanna Cranitch, aliyekuwa akiwaitikia kwenye ziara zao. Baada ya hapo wakatangaza kwamba hakutakuwa na The Cranberries bila Dolores. Mfanyabiashara wa msiba angeanza kutafuta mwimbaji mwingine.

Lakini naandika haya nikimfikiria mdogo wangu, na acha niseme, kwa sababu ndiye anayenizuia kuwajibu kwa neno moja.

Alikuwa anaimba kwenye kwaya yetu pale Nakuru, na alikuwa na tabia ya kujirekodi kwa simu usiku, jikoni, watu wakishalala. Alipofariki tulikuta nyimbo kadhaa humo, nyingi vipande tu. Siku ya tatu ya matanga mwalimu wa kwaya alikuja na kijana wa kinanda. Mwalimu huyo alikuwa mgeni kwetu, ameichukua kwaya juzijuzi tu. Akasema wataichukua sauti ile, wataitilia kinanda na ngoma, kwaya iitikie, ipigwe makaburini. Wajomba wakaona ni heshima kubwa. Shangazi akauliza gharama. Mama hakusema kitu, aliomba tu asikilize kwanza.

Tukaiweka simu juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai. Sauti ya mdogo wangu ikatoka, chini kidogo kuliko alivyokuwa akiimba kanisani, kwa kuwa alikuwa anajizuia asituamshe. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili akapanda juu, sauti ikamkwaruza, akanyamaza. Ndoo ikasogezwa sakafuni. Akakohoa, akasema peke yake, "Hapa nitarudia." Rekodi ikaishia hapo.

Mama akaichukua simu akaitia kwenye mfuko wa aproni. "Amesema atarudia," akamwambia mwalimu. "Wewe unajua angerudia vipi?" Mwalimu akatazama chini. Makaburini kwaya iliimba nyimbo za kitabuni, na ile simu Mama anayo mpaka leo, anaichaji kila Jumapili.

Kwa hiyo nilianza kuandika nikiwa upande wa bendi moja kwa moja, na sasa naona mambo si mepesi hivyo. Demo ni kazi ambayo mwenyewe bado anasema atarudia. Zipo sehemu kwenye In the End, hasa katikati, ambapo namsikia Dolores akipita tu juu ya mstari. Sauti yake ilijulikana kwa kuvunjika kooni, ikiruka ghafla kutoka chini kwenda juu, na hapo haivunjiki. Sitaki kudanganya kwamba ni albamu yao bora kwa sababu tu tulilia. Iliteuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya roki, uteuzi wao wa kwanza, na nilifurahi sana. Bado nasema nilichosikia.

Jibu langu basi ni hapana. Sauti ya demo ibaki kwa waliofiwa. Ila kwa The Cranberries nasema ndiyo, kwa sababu swali la Mama wangeweza kulijibu. Hogan, mdogo wake Mike kwenye besi na Fergal Lawler kwenye ngoma walikuwa naye tangu 1990 kule Limerick, Ireland. Walijua ni wapi angepandisha na wapi angeacha gitaa liseme. Wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, unaonyesha hivyo: wamepiga taratibu, hakuna anayemfunika, sauti imeachiwa nafasi yake yote.

Prodyuza aliyemjua mwimbaji miezi sita tu asijifiche nyuma ya mfano huu. Na anayeanza leo kuijua bendi hii asianzie hapo. Aanze na ile ya 1993, akimsikia Dolores alivyoimba alipopata muda wa kurudia.

Msomaji wenu, Nakuru