Barua kwa mwanangu: ipi ya tumbo, ipi ya moyo

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, tanuri likiwa bado la moto huko uani. Umeniuliza: miaka yote hii ya kuchora na kufinyanga, ipi ilikuwa kazi ya tumbo na ipi ya moyo? Sikukujibu palepale. Jibu la haraka lilikuwepo, kwamba tembo walikuwa wa tumbo na vyungu vya moyo, na watu hupenda sana kulisikia. Lakini si kweli.

Bibi yako hakuwa na habari za moyo. Kule Ikombe, ziwani Nyasa, mwanamke wa Kikisi alifinyanga kama mwingine anavyolima. Kabla ya kuchoma alikuwa anakishika chungu na kukiweka shavuni, kimya, kama anayesikiliza. Kikiwa na ubaridi anakirudisha kivulini. Bado kina maji, na maji yakikutana na moto hutafuta pa kutokea. Chungu kinapasuka na kuwavunja wenzake. Vilivyopona vilipakiwa kwenye mtumbwi, majani yakiwa katikati, safari ya soko la Matema. Akirudi ana mchele, sabuni na mafuta ya taa. Hilo ni tumbo tupu, mwanangu.

Nilikuja Dar na mikono hiyohiyo, nikakuta sufuria za alumini zimeshamaliza kila kitu. Ndipo nikakaa chini pale Msasani kwa wachoraji wa Tingatinga. Mzee mwenyewe, Edward Saidi Tingatinga, alianza mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, maana ndizo zilizopatikana dukani. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu! Na watu wanakula kwa miaka minne ile mpaka leo, mimi nikiwemo, na wewe pia.

Fundi wangu alinianzisha na chui. Unapaka rangi ya chini, unasubiri ikauke, kisha doa moja moja. Ukiharakisha, rangi inavuja na chui anakuwa mbwa aliyenyeshewa. Nilichora chui mpaka nikawaota. Ada yako ya kidato cha kwanza ilikuwa tembo kumi na mmoja, wote na machweo mekundu nyuma yao, na sijawahi kuwaonea haya. Marehemu George Lilanga, msanii yule mkubwa, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar, akiwa mlinzi. Naye ungemuuliza ya tumbo au ya moyo?

Udongo niliurudia baadaye, tukiwa kina mama sita, kwa udongo wa Pugu na tanuri la umeme tulilonunua la mtumba. Unakumbuka ule mwaka 2011, mgao ulivyotutesa. Hoteli moja ilikuwa imeagiza sahani 60. Tanuri limeshapanda, tumeshakesha nalo, umeme ukakatika. Tulipofungua, glezi, ile ngozi ya kung'aa ya sahani, ilikuwa imechubuka kama ngozi ya kenge. Tukachoma upya usiku, kila mmoja akichangia hela za LUKU, umeme wa kulipia kabla, tukapeleka sahani zetu. Hoteli ikalipa nusu, nusu nyingine tunaidai mpaka leo. Mwezi ule wenzangu walinipa zamu yangu ya upatu kabla haijafika, bila hata mmoja kuniuliza za nini. Ukitaka kujua kilichonibakiza kwenye kazi hii, anzia kwa wale kina mama watano. Moyo utauongeza baadaye.

Sasa ile picha uliyoiona sebuleni wakati wa Pasaka, ya mtumbwi wenye vyungu. Ulisema ndiyo nzuri kuliko zote, ukashangaa kwa nini haikuuzwa. Ilikaa kibandani miaka mitatu. Wageni waliiangalia, wakauliza wanyama wako wapi. Siku moja bibi mmoja mtalii akasema ataichukua, ila nimwongezee twiga pale ufukweni. Twiga Ikombe! Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba, basi nikamchora, shingo ndefu mpaka kwenye mawingu. Yule bibi alisema atarudi kesho yake.

Hakurudi. Nikakaa na twiga wangu wiki nzima, nikimtazama bibi yako ndani ya mtumbwi, amempa mgongo. Jumapili nikachukua rangi ya samawati nikamfunika twiga. Picha nikaipeleka nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeambiwa bei yake.

Lakini rangi ile ni nzito, haifichi kila kitu. Ukija, simama upande wa dirisha jioni, mwanga ukiwa wa ubavuni. Pitisha kidole kulia, juu kidogo ya mchanga. Shingo utaigusa.

Mama yako